Mwenye Jengo Hayupo Kikaoni

Mwaka wangu wa tatu kazini nilisanifu ukumbi wa chuo kimoja cha mikoani: watu 600, jukwaa la mbao za mninga, dari yenye mistari kama mkeka. Siku ya makabidhiano mkuu wa chuo alinishika mkono akanizungusha kila kona, akinisifu mbele ya wageni. Tulipopanda roshani ya juu tukamkuta mama mmoja mfagizi amekaa ngazini, ndoo ubavuni, anahema. Nikampa shikamoo. Akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Samahani injinia, hivi maji ya kupigia deki huku juu tunachota wapi?"

Hapakuwa na pa kuchota. Tulikuwa tumekaa vikao kumi na vinne. Rangi ya mapazia peke yake ilitugharimu saa mbili za ubishi. Hakuna aliyekumbuka kwamba roshani ya watu 200 itapigwa deki, na kwamba maji hayapandi ngazi yenyewe. Mama yule alibeba ndoo miaka sita, mpaka chuo kilipopata fedha ya kutoboa ukuta na kuvuta bomba. (Hilo jina la "injinia" nililipokea tu. Kwenye saiti zetu kila aliyevaa kofia ngumu ni injinia, na ukianza kueleza tofauti utaonekana unaringa.)

Vijana wanaomaliza Chuo Kikuu Ardhi, na wengine wa Nairobi na Kampala, huniuliza swali lile lile: nifanyeje nije kuongoza miradi mikubwa ya umma, masoko, maktaba, kumbi za sanaa, kampasi? Wanategemea nitawatajia programu ya kuchorea au jina la mkubwa wa kumpigia simu. Mimi huwasimulia habari ya ndoo.

Nyumba ya mtu binafsi ina mwenyewe. Anakuja na mkewe, wanagombania ukubwa wa jiko mbele yako, mnakubaliana, kazi inaanza. Jengo la umma ni kitu kingine. Wanaokaa nawe mezani ni watia saini wa hundi: katibu, mkurugenzi, mjumbe wa bodi, mwakilishi wa mfadhili. Wenye jengo lenyewe hawajaitwa. Wako darasani, sokoni, jikoni, wengine hawajazaliwa. Kwa maoni yangu ustadi wote wa kazi hii ni kumsemea asiyekuwepo, na kumsemea kwa namna ambayo aliyepo hatakufukuza.

Sasa tuanze na mlango wa kuingilia. Wengi wanangojea shindano la usanifu au zabuni itangazwe ndipo waamke. Wamechelewa. Mwangalie Philip Freelon, Mmarekani mweusi aliyefungua ofisi yake North Carolina mwaka 1990 na kufariki 2019. Alijijengea jina kwa maktaba, makumbusho na majengo ya vyuo: kituo cha sanaa cha Harvey Gantt pale Charlotte, makumbusho ya Reginald Lewis kule Baltimore, maktaba za mitaa za Washington. Magereza alikataa kuyachora. Kasino pia alikataa. Dunia inamkumbuka zaidi kwa Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa Washington Septemba 2016. Sehemu ya hadithi hiyo isiyosimuliwa sana ndiyo inayokuhusu wewe. Kabla ya shindano la usanifu la 2009, Freelon na mwenzake Max Bond walikuwa wameshika kazi ambayo wasanifu wengi huikimbia: kuandika mahitaji ya jengo. Vyumba vingapi, vya kazi gani, kipi kikae jirani na kipi, mizigo iingilie wapi, umati upumzike wapi. Ni kazi ya majedwali, haina picha ya kutundika ukutani. Lakini shindano lilipofika, walilijua jengo lile kabla halijachorwa. Wakaungana na David Adjaye na kampuni ya SmithGroup, wakashinda. Bond, ambaye ujanani alifanya kazi Ghana na kusanifu maktaba ya Bolgatanga, alifariki Februari mwaka huo huo, wiki chache kabla ya ushindi kutangazwa.

Kwa hiyo ukisikia halmashauri au chuo kinafikiria kujenga, usipeleke picha za kompyuta zenye watu weupe wanaotembeza mbwa. Omba kuandika mahitaji. Malipo yake ni madogo na wakati mwingine hayapo, lakini atakayeandika mahitaji ndiye atakayesikilizwa baadaye hata kama hatachora.

Namna ya kuyaandika ni hii. Nenda kwenye jengo la aina hiyo linalotumika sasa, ukae siku nzima, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi mlinzi wa usiku aingie. Mlinzi atakwambia mlango upi haufungiki mvua ikinyesha. Fundi wa maji atakuonyesha choo alichokizibua mara ishirini. Hesabu watu kwenye foleni. Angalia wanapoegemea, wanapochajia simu, wanapokula. Kisha andika ulichoona kwa Kiswahili kwanza, hata kama hati rasmi itakuwa ya Kiingereza. Nimeshuhudia kamati zikipitisha kurasa 90 za Kiingereza kwa kusema "sawa, sawa", na jengo lilipoisha wajumbe wale wale wakashangaa kwamba halina chumba cha kunyonyeshea. Mahitaji ya Kiswahili hubishaniwa, na ubishi wa mapema ni wa bei nafuu.

Yatabadilika hata hivyo. Jumba la mikutano la KICC, Nairobi, lilianza kama wazo la makao makuu ya chama cha KANU. Karl Henrik Nøstvik, Mnorwei, na David Mutiso wa Wizara ya Ujenzi walikuwa wakilisanifu wakati mwenye nyumba akizidi kutaka zaidi. Kisha ikaja habari kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa watafanya mkutano wao wa mwaka Nairobi, Septemba 1973. Makao makuu ya chama yakageuka kuwa ukumbi wa dunia, na mnara ukaishia ghorofa 28, mita 105. Hadithi hii naipenda kwa sababu mbili. Ya kwanza, umbo lenyewe liliweza kukua bila kuvunjika: mnara ni mnara hata ukiongezewa ghorofa, na ukumbi wa duara wenye paa la koni umesimama kando yake ukijitegemea. Jengo ambalo kila chumba kimebanwa na kingine haliwezi kustahimili waziri mmoja mwenye wazo jipya. Ya pili, Mutiso alikuwa mwajiriwa wa serikali. Vijana wa siku hizi wanadharau ajira ya Wakala wa Majengo, ya halmashauri, ya idara ya miliki ya chuo. Wanaona ni kazi ya kupaka rangi na kubadilisha vitasa. Mimi nasema miaka mitano ya kubadilisha vitasa itakufundisha majengo ya umma yanavyokufa, somo ambalo hakuna shahada inayolitoa.

Mabadiliko yakija, yaandike. Kila "ongeza kidogo hapo" iliyosemwa korido irudi kwa mwenyewe kama barua siku hiyo hiyo: umeomba hiki, kitaongeza gharama hii na wiki hizi, tafadhali thibitisha. Wengi hawatathibitisha, na ombi litakufa lenyewe.

Juu ya fedha nitasema machache ingawa ndizo zinazotunyima usingizi. Usajili wa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi upate mapema, maana bila huo huwezi kusaini chochote. Zabuni za serikali kwa Tanzania sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST. Jifunze mwenyewe kuutumia badala ya kumlipa kijana wa stesheneri akujazie usiku wa mwisho. Ofisi changa iungane na kubwa, ila ukipewa kipande cha kazi usikubali cha maegesho ya magari. Omba ngazi kuu, omba maktaba, omba mahali watu watakapokusanyika, ili mradi ujao uwe na cha kuonyesha. Serikali hulipa, lakini hulipa kwa mwendo wake, hivyo weka akiba ya mishahara ya miezi sita kabla ya kujitia kwenye kazi ya miaka mitatu. Na mtu akikushauri ubadilishe aina ya vigae kwa sababu anamjua mwagizaji, mjibu kwa maandishi na nakala kwa watu watatu. Ataacha.

Mkadiriaji majenzi mwite siku ya kwanza, akae nawe kama mke mwenza mnayepatana. Gharama zikizidi, kamati itakata, na nimejifunza kwa uchungu wanachokata. Hawakati mlango wa kioo wala marumaru ya ukumbi wa mapokezi, kwa kuwa ndiko wanakopigia picha. Wanakata rampu, sinki la wafagizi, feni za bwenini, vyoo vya nyuma ya jukwaa: vitu vya wasiokuwepo. Dawa yake ni kuvifunga vitu hivyo kwenye mifupa ya jengo tangu mwanzo. Rampu ikiwa mapambo ya pembeni itafutwa kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu. Ikiwa ndiyo njia kuu ya kuingilia kila mtu, haifutiki. Lakini lazima uipange mapema kwa sababu inakula ardhi: mteremko usizidi 1 kwa 12, maana yake sakafu iliyoinuka sentimita 60 inataka rampu ya mita 7.2, bila kuhesabu mapumziko. Anayekumbuka rampu wiki ya mwisho hujenga kile tunachokiona kwenye ofisi nyingi, kipande kikali kama cha kupakilia ng'ombe kwenye lori.

Majengo ya sanaa ndiyo yanayonifurahisha kuliko yote, na ndiyo tunayoyakosea zaidi. Kosa linaanzia kwenye picha tuliyonayo kichwani, ya jukwaa la kisanduku: pazia, watazamaji gizani, wote wanatazama mbele. Jukwaa hilo lina kazi yake, ila usiliweke kabla hujauliza nini kitachezwa. Ngoma ina duara. Mtazamaji wa sasa ni mchezaji baada ya dakika tano, na anataka kuingia uwanjani bila kupanda ngazi tano mbele ya watu. Taarabu ndiyo kabisa. Ukumbi wa taarabu usio na njia pana hadi miguuni pa mwimbaji ni ukumbi uliokwishakufa, kwa sababu watu wanataka kuinuka, kusogea kwa madaha na kutunza. Niliwahi kuona ukumbi mpya ambao mbele ya jukwaa palichimbwa shimo la wapiga vyombo kama kule Ulaya. Akina mama wenye noti mikononi walisimama ukingoni wakachungulia. Usiku wa pili mtu akaweka mbao juu ya shimo, na mbao hizo ziko pale hadi leo.

Kisha mvua. Vitabu vya kigeni vya elimu ya sauti vinakufundisha muda wa mwangwi, na ni vizuri uujue: maneno ya mchezo wa kuigiza yanataka kama sekunde moja, muziki wa vyombo vingi vya nyuzi unakubali mbili. Vitabu hivyo havikwambii kwamba kumbi zetu zinapauliwa kwa bati, na masika ya Dar yakigonga bati tupu hata mwigizaji mwenye mapafu ya muadhini hasikiki safu ya tatu. Ukiwa na fedha, mwaga zege juu ya ukumbi kisha paua juu yake. Usipokuwa nazo, weka dari nzito iliyoachana na kenchi, na tabaka la kunyonya sauti chini ya bati. Dari ya jasi nyembamba iliyoning'inizwa kwenye kenchi zile zile itapitisha mvua yote. Jambo la pili ni jenereta. Umeme utakatika siku ya uzinduzi, hilo usiliwekee shaka, na jenereta lililowekwa nyuma ya jukwaa kwa sababu ndipo palipobaki nafasi litaunguruma kwenye kila tukio mpaka ukumbi ufilisike. Lipeleke mbali, upande ambao upepo hauleti sauti.

Viyoyozi nina ugomvi navyo. Ukumbi uliofungwa pande zote hautumiki siku ambayo bili haijalipwa. Wasanifu wa zama za kuelekea uhuru walilijua hili. Jumba la Taifa la Maigizo la Kampala, la mwaka 1959, lina uso wa matofali ya zege yenye matundu yanayopitisha hewa. Na pale Unguja, Ngome Kongwe imejaza maelfu kwa miaka mingi, mwezi Februari, wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara bila kiyoyozi hata kimoja, chini ya nyota na ndani ya kuta ambazo hazikujengwa kwa muziki. Ningependa kila msanifu wa ukumbi apelekwe pale usiku mmoja, atazame watu wanavyosimama na wanakopitia kwenda kununua maji.

Halafu kuna watu wa nyuma. Waulize wasanii kabla ya kuuliza wizara. Mlango wa mizigo uwe mpana wa kupitisha ngoma kubwa na seti ya mbao bila kuzigeuza upande. Vyoo viwepo nyuma ya jukwaa, kwa wanawake na wanaume, ili Juliet asipite katikati ya watazamaji kwenda haja. Na mbele, vyoo vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, tena kwa mbali. Mapumziko ni dakika 15. Simama mlangoni uhesabu foleni, utakubaliana nami.

Kampasi ni jambo jingine tena, kwa kuwa haiishi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia Mlimani 1964, na majengo yale ya mwanzo bado yanatufundisha: yamefuata mgongo wa kilima, yanaunganishwa na njia zenye vivuli, yanaacha upepo wa bahari upite. Ukumbi wa Nkrumah ukapata heshima ya kuchapishwa kwenye noti ya shilingi 500, kwa hiyo mamilioni ya watu wameushika mkononi bila kuwahi kufika. Kanisa la pamoja la Wakristo pale chuoni, kazi ya Anthony Almeida, ni dogo, lakini nikiwa na mgeni wa fani humpeleka huko kwanza. Majengo ya baadaye sitayasemea sana. Kila makamu mkuu wa chuo, popote pale, anataka jengo lake, na mpango mkuu hukaa kabatini ukisubiri atakayekuja. Ukiitwa kusanifu jengo moja la chuo, omba mpango mkuu. Wakikwambia haupo, chora mchoro mdogo wa kampasi nzima kwa gharama yako uwawekee mezani. Nimepata kazi mbili kubwa kwa njia hiyo.

Jua lipime mwenyewe. Wanafunzi wanakariri kutoka vitabu vya Ulaya kwamba upande wa kusini ndio wa jua. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mchana wa Juni jua linasimama upande wa kaskazini, nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba linahamia kusini, lakini nyuzi 17 tu. Maana yake ni kwamba upenu wa kaskazini unatakiwa uwe mrefu kuliko wa kusini. Upande wa mashariki na magharibi jua huja likiwa chini, linapenya chini ya upenu wowote, na hapo usiweke madirisha makubwa hata ukiombwa kwa magoti. Weka ngazi, vyoo, stoo. Nimeingia maktaba mpya iliyogeuza kioo chake chote magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri wanafunzi wanabandika magazeti dirishani.

Ukitaka kuona joto likitumikishwa badala ya kupigwa vita, tazama kampasi ya Startup Lions aliyoisanifu Francis Kéré kando ya Ziwa Turkana, iliyokamilika 2021. Minara yake mirefu, wazo lililotokana na vichuguu vya mchwa wa eneo lile, inavuta hewa ya moto kutoka vyumbani na kuitoa juu, na hewa baridi inaingilia chini. Vijana wanasomea kompyuta huko, ambako vumbi na joto huua mashine. Kéré alipata Tuzo ya Pritzker mwaka uliofuata, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa shule ya msingi ya kijiji chake, Gando, Burkina Faso, iliyomalizika 2001. Fedha alizichangisha mwenyewe.

Njia za miguu usizimwagie zege haraka. Acha muhula mmoja upite, tazama majani yamekanyagwa wapi, ndipo ujenge. Na mpangie mama ntilie. Atafika wiki ya pili ya ujenzi na hataondoka, kwa sababu wanafunzi wanahitaji wali maharage wa bei nafuu kuliko wanavyohitaji mkahawa uliouchora wewe. Usipompa kivuli, bomba na mahali pa kumwaga maji machafu, atajipa mwenyewe, pembeni ya mtaro wako wa maji ya mvua.

Saiti inahitaji makala yake. Nitasema moja: zungumza na mafundi kwa lugha yao ya kazi. Michoro imejaa Kiingereza ambacho foromani anakibahatisha. Nilianza zamani kubandika karatasi ya Kiswahili kwenye kila eneo la kazi: nondo hizi, zege hili, maji ndoo ngapi. Zege letu linaharibiwa na maji kuliko na wizi wa saruji. Vibarua wanaongeza ndoo ili limwagike kirahisi, na hakuna aliyewaeleza kwamba kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu. Eleza mara moja, kwa heshima, mbele ya fundi mkuu. Kisha simamia umwagiliaji wa zege siku saba, ikiwemo Jumapili ambayo kila mtu yuko nyumbani. Nenda wewe.

Mtu wa mwisho asiyekuwepo kikaoni ni yule atakayelirithi jengo sisi tukiwa hatupo. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika katika ukanda wetu, aliyesomea Haifa, alimfikiria. Soko lake la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, lilipewa paa la miavuli ya zege: kivuli juu ya wauzaji, na wakati huo huo faneli za kukusanya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye matangi ya chini. Paa moja, kazi mbili, na halihitaji mtu wa kubonyeza kitufe. Julai 2021 soko likaungua. Mwaka uliotangulia, Septemba 2020, jengo kuu la Makerere la mwaka 1941 liliteketea usiku, na Desemba ya mwaka huo huo sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib la 1883 ikaporomoka Unguja, ikaua watu wawili, ikiwa katika matengenezo. Jumba la maonyesho la chuo cha sanaa Bagamoyo lilikuwa limeungua tangu 2002. Sisemi wasanifu ndio waliokosea. Ninachosema ni kwamba jengo la umma litapita mikononi mwa watu wasiojua nyaya zimepita wapi, nani alizima king'ora, nguzo ipi isitobolewe.

Kwa hiyo siku ya makabidhiano usikabidhi funguo peke yake. Kabidhi michoro ya jengo lilivyojengwa kweli, siyo lilivyochorwa, ikionyesha kila bomba na kila waya uliohamishwa saiti. Andika kitabu kidogo cha matunzo kwa Kiswahili, kurasa 20 zinatosha: mitaro isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli, mitungi ya moto ikaguliwe tarehe gani, rangi ipi ilinunuliwa. Rudi mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, wakati kipindi cha matazamio hakijaisha na mkandarasi bado anadai fedha zake zilizozuiwa, kwani baada ya hapo hatapokea simu yako. Na ukirudi, pita kwanza kwa wafagizi.

Nina ombi pia kwa wasomaji ambao si wasanifu. Miaka ya nyuma nilinunua karanga Buguruni zikafungwa kwenye kipande cha karatasi ya buluu. Nilipoifungua nikaona ngazi, choo na mshale wa kaskazini: mchoro wa zahanati fulani, wenye saini. Kama baba yako au babu yako alikuwa msanifu, mhandisi au mchoraji wa serikali, na ameacha maboksi ya michoro darini, usiyachome wala kuyauza kwa kilo. Yapeleke kwenye maktaba ya chuo chochote kinachofundisha usanifu. Huenda jengo lililochorwa humo bado limesimama, na kuna fundi anayebahatisha ukuta wa kutoboa.